Maji Yakikatika, Inua Diski

Nakumbuka Jumatano moja kule mtaani Kuze, mwanangu, siku niliyokabidhiwa mashine ya kukata zege kwa mara ya kwanza. Mpaka leo nikiisimulia, mikono yangu hujikunja yenyewe kana kwamba bado imeshika mipini yake.

Jana uliponipigia simu ukaniambia umepata kazi kule Kibarani, na kwamba kuanzia wiki ijayo wewe ndiye utakayekata, nilipiga vigelegele hapa sebuleni kwangu Tudor mpaka jirani akabisha hodi kuuliza ni harusi ya nani. Nikamwambia, ingia ndani, mama, hii ni kubwa kuliko harusi! Tukanywa chai, nikamweleza habari zako, naye akatoka hapa akijua mashine hiyo kama vile ameiendesha yeye. Kwa hiyo hongera umekwisha kuipata. Leo nataka nikupe kilichobaki, nacho ni kisa ambacho hata marehemu babako alikijua nusu tu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilifanya kazi na Mzee Kitsao, Mgiriama mwembamba mwenye sauti ndogo, fundi wa kukata zege anayejulikana kisiwa kizima. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa, kwa sababu alipoanza kazi hakuna aliyempa cha kuziba masikio, na injini ile hupiga kelele mita moja tu kutoka kichwani. Ukitaka kumwambia neno unazunguka upande wa kulia. Wa pili alikuwa Mwadime, kijana wa Kitaita, mwimbaji wa kwaya kanisani kwao. Hata mashine ikinguruma, wewe huoni ila mdomo wake ukifunguka na kufumba; anaimba, wala hajali kwamba hakuna anayemsikia.

Na wa tatu ni mimi, Mwanatumu, Mdigo wa watu. Kazi yangu kwa miaka miwili ilikuwa kushika mpira wa maji. Usiidharau kazi hiyo. Mashine yenyewe utaiona: ina magurudumu manne, injini juu, mipini nyuma, na ubavuni diski ya chuma pana kama sinia, ukingoni imetiwa punje za almasi. Unatembea nyuma yake taratibu, nayo inazama kwenye zege ikichora mstari mwembamba ulionyooka. Maji lazima yamwagike kwenye diski muda wote. Bila maji diski inaungua, na vumbi linalotoka, jeupe kama unga, linaingia kifuani na halitoki tena. Mzee Kitsao alikuwa na sharti moja ambalo alinitajia siku ya kwanza, na ya pili, na kila Jumatatu: "Maji yakikatika, inua diski. Usiulize kwa nini. Inua kwanza, uulize baadaye."

Basi Kuze walikuwa na shida. Watu walimwaga zege kwenye kichochoro kimoja, kikapendeza kweli, lakini mtaro wa zamani uliokuwa chini yake ukazibwa. Mvua ikinyesha, maji yanaingia majumbani. Nyumba iliyoumia zaidi ilikuwa ya Bi Zuhura, bibi mjane aliyekaa hapo mwisho wa kichochoro tangu aolewe. Msimu uliotangulia alilala juu ya meza siku mbili, godoro lake likielea. Wakazi wakaja kutuita. Tukakubaliana tukate mistari miwili, sambamba, kutoka mtaro mkuu hadi mlangoni kwa Bi Zuhura, hatua kama arubaini. Zege la katikati livunjwe litolewe, bomba lilazwe, pafunikwe tena. Na mvua za masika zilikuwa zinanukia.

Gari halikuweza kuingia. Tukaipakia mashine kwenye mkokoteni, wanaume wanne wakausukuma, mimi mbele nikipiga kelele watu wapishe. Tulipoishusha, Mzee Kitsao akavua glovu zake, akanitupia.

"Mwanatumu, leo kata wewe."

Mwanangu! Nilidhani namsikia vibaya. Nikazunguka upande wa sikio lake zima nikamuuliza, "Nani, Mzee?"

"Kuna Mwanatumu mwingine hapa?"

Moyo wangu ulipiga hata nikahisi kwenye meno. Mwadime akanyanyua mpira wa maji juu kama bendera, akaanza kuimba kabla hata injini haijawashwa.

Lakini Mzee hakuniacha niwashe. Alinikalisha chini kando ya mashine iliyozimwa, akaniambia niikague diski kwa macho na kwa kidole, mzunguko mzima: kama ina ufa, kama kuna kipande kilichong'oka ukingoni, kama mshale uliochorwa juu yake unaelekea upande ambao injini inazungusha. Nikakaza nati kwa spana. Nikahakikisha kifuniko cha diski kiko mahali pake. Nikavaa miwani, viziba masikio, barakoa, buti za mpira. Mstari wa chaki tuliupiga wote watatu. Kisha akaniuliza, "Diski iko wapi sasa, juu au chini?" Nikasema juu. "Basi washa."

Nikawasha. Yarabi, mngurumo ule! Ulipanda kutoka magotini hadi kwenye mabega. Nikaishusha diski pole pole kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia, ikagusa zege, maji yakaruka, na mstari ukaanza kufunguka mbele ya macho yangu, umenyooka, mzuri! Mzee alitaka nikate kina cha vidole viwili kwanza, nifike mbali, nirudi, halafu nizamishe zaidi. Nilitii. Sikuisukuma, niliiacha ijivute yenyewe nami nikaifuata. Watu walikuwa wametoka majumbani. Wanawake madirishani, wazee kwenye viti vyao, fundi cherehani ameacha cherehani yake na utepe bado unaning'inia shingoni. Mwanamke anapasua zege! Niliona midomo yao ikisema hivyo.

Kufika hatua ya thelathini hivi, Mzee akanionyesha nisimame. Nikainua diski, nikazima. Alikuwa ameona kisanduku cha chuma cha zamani ukutani, na chini yake waya uliokuwa unaingia ardhini. Aliuliza watu, mmoja akasema hakuna kitu hapo, mwingine akasema huo waya ulikufa zamani. Hakuridhika. Akachukua chaki nyekundu, akachora mstari kukingama njia yangu.

"Hapa ndio mwisho wako," akaniambia. "Nakwenda kumtafuta mwenye nyumba. Nikirudi tutaendelea."

Bi Zuhura alikuwa amehamia kwa dadake, kichochoro cha pili, kukimbia kelele. Mzee akaondoka.

Nilisubiri. Wallahi nilisubiri, mwanangu, kama robo saa nzima. Wingu likaja zito likafunika jua, upepo ukaanza kuchezea nguo zilizoanikwa. Mwadime alikuwa amevua buti zake kwa kuwa zilijaa maji, akakaa juu ya ndoo akizikung'uta. Ndipo yule fundi cherehani akasema kwa sauti, kwa utani tu, hakuwa na ubaya:

"Mbona umesimama, dada? Au ulichofundishwa ni mpaka hapo?"

Watu wakacheka. Mwingine akadakia, "Amechoka huyo, muacheni apumzike."

Kicheko kile kilinipanda kichwani. Nilikuwa nimesifiwa asubuhi nzima, nimeonja utamu, na sasa nikaona kama nanyang'anywa. Zilibaki hatua kumi tu! Mvua hiyo inakuja, Bi Zuhura atalala juu ya meza tena, na mimi nimesimama kwa ajili ya waya uliokufa?

Nikamwambia Mwadime, "Fungulia maji."

"Mzee alisema mpaka hapa," akasema, akionyesha ile chaki nyekundu.

"Aliniambia nikiona mvua nisimngoje."

Huo ulikuwa uongo. Mzee hakusema neno kama hilo. Mwadime aliniangalia kidogo, kisha, kwa kuwa hakuwahi kunisikia nikidanganya, akafungulia mfereji, akashika mpira. Miguu mitupu.

Nikawasha. Nikavuka chaki nyekundu. Na kwa haraka niliyokuwa nayo sikutaka tena habari ya vidole viwili viwili. Nilizamisha diski yote kwa mara moja. Mashine ikatetemeka, ikavutwa upande, mstari ukapinda. Badala ya kuinua, nikaegemeza tumbo kwenye mipini nikasukuma. Watu wakapiga makofi. Nami nikafurahi! Usinione ninavyokueleza kwa utulivu leo, siku ile nilikuwa nimelewa furaha. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tano, ya sita.

Maji yakakatika.

Kwanza niliona mvuke, kisha vumbi jeupe likaruka kutoka chini ya kifuniko. Akilini nikawaza, zimebaki hatua nne tu, maji yatarudi sasa hivi, malizia. Hayo ndiyo niliyowaza, sikufichi. Lakini mikono yangu ilikuwa imesikia lile sharti kila Jumatatu kwa miaka miwili, nayo haikuniuliza. Ikainua.

Diski ikatoka kwenye zege. Nikazima injini, nikavua viziba masikio, nikageuka kumgombeza Mwadime.

Mwadime hakuwa na mpira. Alikuwa nao Mzee Kitsao. Alikuwa ameukunja mara mbili na kuubana kwa ngumi zote mbili, kifua kikipanda na kushuka, jasho limemlowesha. Alikuwa amekimbia kutoka kona ya kichochoro akiniita, na watu madirishani wakawa wanampigia makofi wakidhani anashangilia. Mimi nilikuwa nimeziba masikio, macho kwenye mstari. Kunishika kutoka nyuma mashine ikiwa inakata hakuthubutu, na kuja mbele ya diski hakuthubutu. Akaona njia moja tu ya kusema nami.

Nyuma yake akatokea Bi Zuhura, buibui limeshuka mabegani, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna.

"Simama! Simama, mwanangu! Hapo mna waya! Waya wa mashine ya marehemu mume wangu!"

"Mashine gani, Bi Zuhura?" fundi cherehani akauliza.

"Ile ya kusagia! Aliupitisha hapo chini mwenyewe, mimi nikimshikia taa! Mbona hamkuniuliza?"

Akaitwa fundi wa umeme aliyekaa karibu. Akaja na kipimo chake, akakigusisha kwenye kile kisanduku cha zamani, na taa ndogo ya kipimo ikawaka. Umeme ulikuwamo! Miaka yote hiyo haukuwahi kukatwa. Akazima swichi kuu, akapima tena, ndipo Mzee akachukua patasi na nyundo, akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa mkono pale Bi Zuhura alipoelekeza kwa kidole.

Tuliuona baada ya muda si mrefu. Waya mweusi, mnene kama kidole gumba, umelazwa ndani ya zege bila hata bomba la kuufunika, umekingama njia yangu.

"Njoo upime," Mzee akaniambia.

Nikapiga magoti. Nikaweka mkono kati ya mwisho wa mkato wangu na ule waya. Vidole vinne viliingia. Cha tano hakikupata nafasi.

"Nani alikwambia uendelee?"

Alisema kwa sauti yake ile ile ndogo. Ningeweza kunyamaza, na nilijua Mwadime asingenisema. Lakini nilimwona ananitazama huku akingoja, na nikaona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani.

"Hakuna, Mzee. Nilimdanganya Mwadime kwamba umeniruhusu."

Mzee hakunigombeza. Alinyoosha mkono tu. "Mtazame miguu."

Nikatazama. Mwadime alikuwa amesimama miguu mitupu katikati ya dimbwi la maji ya kijivu yaliyotoka kwenye diski yangu, vidole vimejikunja kwa baridi.

"Wewe una buti za mpira," Mzee akasema. "Wewe pengine ungebaki. Huyu ndiye tungemfunika shuka hapa."

Mwanangu, nililia mbele ya watu wote wale waliokuwa wananishangilia. Nikamwendea Mwadime. Yeye akaanza: "Hata mimi nilivua viatu, Mwanatumu. Nilijua havivuliwi. Tusameheane." Fundi cherehani naye akaja, ameshika utepe wake, akasema lile neno lake lilikuwa mzaha na anaomba radhi. Nikamwambia ukweli: neno lilikuwa lake, lakini mashine niliishika mimi.

Nikavua glovu, miwani, viziba masikio, nikavipanga juu ya injini. Nikamwambia Mzee kwaheri. Nilijua nimefukuzwa.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Kesho njoo mapema. Utamaliza wewe."

Nilimwangalia kama mtu aliyechanganyikiwa. "Kwa nini, Mzee?"

"Kwa sababu maji yalipokatika uliinua. Nimefanya kazi na wanaume wazima ambao hawakuinua." Kisha akanisogelea, akasema taratibu nisikie mimi tu: "Lakini siku utakayomdanganya tena mtu anayefanya kazi na wewe, hutagusa hata mpira. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Usiku ule wingu lilipita bila tone, na asubuhi nilikuwa Kuze kabla ya maduka kufunguliwa.

Waya ulikuwa umekatwa kutoka kwenye mita na kutolewa wote. Bi Zuhura aliletewa kiti, akakaa mbali kidogo, na kila nilipotaka kusogea Mzee alimuuliza yeye kwanza, "Hapa je, Bibi?" naye anafikiri, anasema, "Hapo hamna kitu, endeleeni." Mwadime alikuwa na buti zake. Mimi nilikata vidole viwili, nikarudi, vidole viwili tena, na ule mkato niliokuwa nimeupinda nikaunyoosha kwa mwingine kando yake. Jua lilipokuwa kichwani nilikuwa nimefika mlangoni kwa Bi Zuhura na mistari yote miwili. Nikainua, nikazima. Vigelegele vilivyopigwa kwenye kichochoro kile, hata mimi kwenye harusi yangu sikupigiwa hivyo!

Bomba lililazwa, na siku tatu baadaye mvua ikaja, mvua ya kweli. Tulikwenda kutazama, wote watatu, tumelowa chapachapa. Bi Zuhura alikuwa kizingitini, mkono kiunoni, anayacheka maji yakipita chini ya kifuniko kuelekea mtaro mkuu. "Piteni," akayaambia, "piteni huko, leo hamna kwenu humu!" Fundi cherehani alinishonea suruali ya kazi yenye mifuko mikubwa, bila kumwagiza. Niliivaa mpaka ikachanika magoti. Na mimi nikakata zege kwa miaka ishirini na sita baada ya hapo, hospitalini, mashuleni, bandarini, barabarani, na sikumpoteza mtu hata mmoja niliyefanya naye kazi.

Sasa nisikilize, mwanangu, nikuambie wazi wazi.

Kabla ya kukata popote, uliza kilichoko chini, na usitosheke na jibu la anayebahatisha. Mtafute aliyeishi hapo, aliyejenga hapo, aliyeshikilia taa. Kama hakuna anayejua, chimba kwa mkono mpaka ujue wewe. Diski ikague ingali baridi na injini imezimwa, kila siku, hata kama jana ilikuwa nzima. Kifuniko chake usikiondoe hata kama ukuta unakubana. Sehemu hiyo imalizie kwa patasi. Usiwashe ikiwa diski imegusa chini. Usiizamishe yote kwa pupa, wala usiipindishe ikiwa ndani ya mkato, maana itabanwa na kukurukia. Mbele ya diski asikae mtu, na nyuma yake, kwenye mstari wake, asikae mtu. Usiiwashe ndani ya chumba kilichofungwa. Ndani ya moshi wake mna sumu isiyo na harufu, itakulaza bila kukuonya. Kelele usizizoee. Mzee Kitsao alizizoea, na wajukuu wake walikuwa wakimwita mara tatu ndipo anageuka. Na maji yakikatika, unalijua la kufanya.

Lakini lililo kubwa kuliko yote hayo ni mwenzio anayeshika mpira. Yeye hukuamini kwa macho yake na kwa miguu yake. Usimwambie neno lisilo kweli kazini, hata dogo, hata mvua ikiwa mlangoni. Na siku watakayokushangilia, maana watakushangilia, najua mkono wako, furahia! Furahia kabisa, usiiogope furaha. Ila makofi yao yasikuongezee hata hatua moja.

Nenda Jumatatu ukakate. Mwenyezi Mungu akutangulie, ayalinde macho yako na masikio yako na kifua chako, awape wenzako kazini moyo wa kukupenda na ulimi wa kukukataza, akufanyie wepesi kila mstari utakaouchora, na kila jioni akurudishe nyumbani mzima, umechoka, umejaa vumbi, una hadithi ya kunipigia simu unisimulie. Amin, mwanangu. Amin.